Alichosikia Évariste Jumapili Ile

Karatasi ililetwa Jumanne mchana, Évariste akiwa ameinamia redio ya mteja, moshi wa risasi ya kuunganishia waya ukimwingia puani. Aliyeileta hakusalimu. Aliiweka mezani kati ya bisibisi na betri kuukuu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, kisha akateremka zake kuelekea soko la Kadutu. Évariste aliisoma mara tatu. Jina lake lilikuwa limepigwa kwa mashine, Citoyen, yaani raia, Cirhuza, na chini yake maneno machache tu: Ijumaa saa tatu asubuhi, biro ya usalama, kuhusu jambo la mwanamuziki Kaboyi.

Jambo la Kaboyi lilijulikana Bukavu nzima. Modeste Kaboyi alikuwa amerudi kutoka Bujumbura kuja kumzika mama yake, akakamatwa kabla hajafika makaburini. Ilisemekana wanamfungulia dosiye, jalada la kesi, kwa kosa la miaka minane nyuma, mwaka sabini na tatu, alipokuwa mwimbaji wa Radi ya Kivu.

Nani katika umri wa Évariste asiyeijua Radi ya Kivu? Vijana watano wenye magitaa ya umeme, katika mji uliozoea rumba, wakapiga roki mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Onyesho lao kubwa lilikuwa moja tu, la mchana, matine ya Jumapili katika ukumbi wa parokia moja mjini. Siku hizo kila orkestra ilitakiwa kufungua kwa wimbo wa kuisifu nchi, na wao walifungua kwa wimbo uliosema: tunakula, tunashiba, aksanti Zaïre. Watu walinong'onezana kwamba Modeste aliyageuza maneno. Eti aliimba: tunalala, hatushibi, aksanti Zaïre. Miezi sita baadaye kundi lilivunjika, Modeste akavuka mpaka.

Na mtu aliyesifika kwa kuisimulia matine hiyo alikuwa Évariste mwenyewe. Kwenye nganda, baa ya Maman Adélaïde, watu walimwagizia bia ili aanze. "Nilikuwa mita mbili mbele yake," angesema. "Jasho lake liliniangukia kwa shati." Angesimulia gitaa jekundu, namna Modeste alivyopanda juu ya spika, na wasichana walivyozimia. Mwishoni angeinamisha kichwa, apunguze sauti, na kutoa yale maneno yaliyogeuzwa. "Nilisikia na hii sikio yangu."

Sasa sikio hilo lilikuwa limeitwa kwenye biro.

Usiku wa Jumanne hakupata usingizi, na Jumatano kutwa hakufanya kazi ya maana. Alibandika waya wa bluu mahali pa mwekundu, redio ikatoa mlio mmoja na kunyamaza kabisa. Akilini alikuwa akijaribu majibu. Akisema alisikia, basi Modeste amekwisha, na yeye ndiye aliyemmaliza. Akisema hakusikia, kuna watu ishirini wa nganda aliowaapia kwa miaka kwamba alisikia. Watamwambia anaidanganya serikali, na hapo atafunguliwa dosiye yake mwenyewe. Kila hatua iliyopita nje ya kibanda ilimfanya ainue kichwa. Saa tisa alifunga, akarudi nyumbani.

Mkewe, Colombe, alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Alimwita kwa jina la mtoto wao bila kuinua macho.

"Papa Eulalie, ile karatasi uliificha wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ile yenye kila mutu mu avenue anaijua, isipokuwa miye."

Aliitoa mfukoni, akampa. Colombe aliisoma polepole, akaikunja, akaiweka chini ya ungo.

"Utawaambia nini?"

"Sijui."

"Waambie ukweli. Waambie hukukuwa mule ndani."

Évariste aligeuka kumtazama. Miaka saba ya ndoa, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Miye ndiye nilikuwa ndani." Alitupa punje mbovu pembeni. "Miye na dada yangu Agnès, benchi ya tatu, upande wa kushoto. Gitaa ya Modeste ilikuwa nyeupe, Papa Eulalie. Nyeupe kama unga. Na hakupanda juu ya spika hata kidogo. Zile spika zilikuwa za kuazima, na mwenye spika alikuwa amesimama pale na fimbo."

"Basi tangu siku ya kwanza nilipokusimulia..."

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

Colombe alitupa punje nyingine. "Ulikuwa unaisema muzuri," alijibu. "Kushinda vile ilikuwa."

Évariste angeweza kucheka, lau si swali lililobaki. Aliketi karibu naye. "Na ule wimbo?"

Mkewe alitazama njiani, huku na huku. Akainuka, akaingia ndani, akamwashiria amfuate, akafunga mlango ingawa jua lilikuwa bado kali.

"Aligeuza," alinong'ona. "Nilisikia kila neno. Sale yote, ukumbi muzima, ikanyamaza, batu wakaogopa hata kupumua. Niliona Modeste naye anaanza kuogopa, mikono inamutetemeka juu ya gitaa. Nikamuonea huruma. Nikapiga mikono. Miye wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilijua nini? Kisha wote wakapiga."

Tangu Jumanne Évariste alikuwa akijiogopea yeye. Sasa alimtazama mwanamke huyu mwenye vumbi la maharage viganjani, akaona kwamba hofu ile ya kwanza ilikuwa mchezo wa watoto.

Ukweli wake ulikuwa mfupi na wa aibu. Jumapili ile aliazima kravati ya mjomba wake, mwalimu, kwa kuwa kwenye jalada la sahani moja ya santuri ya roki aliwaona Wazungu wanne wamevaa kravati nyembamba. Alijua zimekatazwa tangu serikali iamuru watu wavae abakosi, koti lisilovaliwa na kravati. Alidhani siku moja haitadhuru. Mlangoni alisimama kijana mrefu mwenye kitambaa cha vijana wa chama mkononi na mkasi mfukoni, Barthélemy. "Weye unajiona Mubeleji?" akamwuliza, akaikamata kravati, akaikata chini kidogo ya fundo, kipande akakiweka mfukoni, na mwenye kravati akamsukuma nje ya mstari. Watu walicheka. Évariste hakurudi nyumbani. Alizunguka nyuma ya ukumbi, penye tangi la maji ya mvua, akabandika shavu ukutani. Maneno hayakupita kwenye tofali. Kilichopita ni besi na ngoma, vikamwingia kwenye mfupa wa taya mpaka meno yakatikisika. Alisimama hivyo kwa saa mbili, macho amefumba. Hakuwahi kusikia kitu kizuri hivyo, wala hakuwahi kukisimulia.

Alhamisi asubuhi alishika njia ya Nyantende, kijijini kwa Barthélemy, kwa miguu. Barthélemy alikuwa sasa mtu wa ng'ombe watatu na shamba la ndizi, amenenepa shingo, na mkasi wake ulikuwa wa kukatia matawi. Alimsikiliza Évariste akiwa amesimama, bila kumkaribisha kiti.

"Kwa hiyo unataka nije kusema nilikufukuza."

"Ndiyo, kaka. Bila weye hawataniamini."

"Na wakiniuliza miye nilisikia nini?"

"Ulikuwa mulangoni."

"Nilikuwa mulangoni," Barthélemy alikubali. Alikwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, kwa muda mrefu. "Nakukumbuka. Nilikata kravati tatu ile siku. Weye ndiye ulilia."

"Sikulia."

"Ulilia."

Ng'ombe mmoja alikohoa zizini.

"Bibi yako ni ule Colombe, dada ya Agnès?" Barthélemy aliuliza ghafla. "Nawajua hao. Waliingia mbele yako kidogo tu."

Évariste alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana. Barthélemy alimwangalia, akatupa kijiti. "Nitakuja," alisema. Njia nzima ya kurudi Évariste alijilaumu kwamba amejichimbia shimo kubwa zaidi. Alikuwa amekwenda kumtafuta shahidi wa kumwokoa yeye, na sasa anampeleka biro mtu pekee anayeweza kumtaja mkewe.

Ijumaa saa tatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido, mabega yakigusana. Waliitwa saa tano. Mkubwa wa biro alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimtisha Évariste kuliko kelele. Mezani palikuwa na jalada la kijani.

"Citoyen Cirhuza. Tunaambiwa weye unajua ile matine kushinda waliopiga muziki."

"Chef, sikuwa ndani."

Mkubwa alifungua jalada, akasoma bila haraka. "'Nilikuwa mita mbili mbele yake.' Ni maneno ya nani haya? 'Nilisikia na hii sikio yangu.'"

"Yangu, chef. Yalikuwa uongo."

"Ulidanganya batu miaka munane?"

"Ndiyo, chef."

"Ao unanidanganya miye leo?"

Évariste akasimulia. Alianza na kravati ya mjomba, akaeleza mkasi, mstari wa watu, kicheko, tangi la maji. Kila alipodhani amemaliza, mkubwa aliuliza jambo jingine: kravati ilikuwa rangi gani, ilikatwa sehemu gani, mjomba alisema nini alipoona nusu yake. Kisha akamgeukia Barthélemy.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, chef. Miye ndiye nilikata. Na alilia."

Évariste aliinama. "Nililia," alisema.

Hapo ndipo mkubwa alipocheka. Kicheko kilianza puani, kikamshinda, akaegemea kiti, akamwita mwenzake wa biro ya pili aje asikie, na Évariste akalazimika kusimulia upya tangu mwanzo mbele ya watu watatu. Wawili walikuwa wakifuta machozi. Alisimulia yote. Masikio yalimwaka, lakini ndani kabisa alianza kuona mlango ukifunguka kidogo.

Kicheko kilikatika mara moja.

"Kuna mwanamuke," mkubwa alisema. "Tunaambiwa mwanamuke ndiye alianza kupiga mikono. Bila yule, ule wimbo ungekufa palepale. Cirhuza, umesimulia miaka munane. Ni nani?"

"Nilikuwa nyuma ya ukuta, chef. Nilisikia ngoma tu."

"Na weye wa mulangoni? Uliwaona wote wakiingia."

Évariste alitazama sakafu. Aliona mdudu mdogo akipanda mguu wa meza, akaanza kumhesabia hatua ili asipaze sauti. Alimsikia Barthélemy akivuta pumzi na kuizuia. Akilini alimwona Colombe, kule Kadutu, wakati huohuo ameshika sufuria na hajui lolote.

"Chef," Barthélemy alisema, "wanamuke walikuwa mingi. Lakini kazi yangu ilikuwa kravati. Sikuangalia uso ya mutu. Niliangalia shingo."

Yule wa biro ya pili akapasuka kwa kicheko, na mkubwa naye, bila kutaka, akatabasamu. Alipiga muhuri karatasi mbili. "Nendeni. Na weye, Cirhuza, tukisikia tena ulikuwa mita mbili, utakuwa kweli mita mbili. Mita mbili na miye."

Barabarani Évariste alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Barthélemy alisubiri karibu naye, mikono mifukoni, akiangalia magari.

"Ulimuona?" Évariste alimwuliza, kwa sauti ya chini. "Yule aliyepiga mikono?"

"Mulango ulikuwa wazi," Barthélemy alisema. "Nami nilipiga. Wa pili." Akaaga, akaenda zake kutafuta chumvi ya ng'ombe.

Habari za kravati zilifika nganda kabla ya jua kuzama. Jumapili iliyofuata watu walimpokea Évariste kwa vigelegele, wakimwita Papa Kravati, na Maman Adélaïde alilazimika kukaa chini kwa kucheka. Alivumilia Jumapili tatu, kisha akaacha kwenda. Modeste Kaboyi alikaa ndani wiki saba. Wengine walioitwa, mmoja baada ya mwingine, walisema walikuwa wagonjwa siku ile, au walikuwa kijijini, au hawapendi roki, na dosiye ikabaki na kurasa chache za kuchekesha. Alipoachiliwa alikuwa amekonda, meno mawili hana. Alikwenda kwenye kaburi la mama yake, akapanda lori la kwanza, na haikusikika tena kwamba ameshika gitaa.

Évariste aliendelea kushtuka mtu akibisha hodi. Hilo halikuisha mwaka ule, wala uliofuata.

Lakini Jumapili moja, baada ya misa, walikuwa wakipanda kwenda kwa mama yake Colombe, mtoto wao Eulalie amekimbia mbele, njia haina mtu, migomba huku na huku. Évariste akasema, kama mtu anayeomba maji kwa jirani asiyemzoea:

"Maman Eulalie. Nipigie ile hadisi. Tangu mwanzo."

Colombe alisimama. Aligeuka, akaangalia njia waliyotoka mpaka kwenye kona, akaangalia na mashambani. Akamshika mkono ili watembee karibu.

"Kwanza taa zilikataa," alianza kwa sauti ndogo. "Tulikaa giza, mutu mumoja akaanza kulia kama paka, tukacheka. Kisha tukasikia gitaa moja, peke yake, bila kuona mwenye kuipiga..."

Évariste aliinamisha kichwa upande wake ili asipoteze neno, na kila baada ya hatua chache aliangalia nyuma.