Dakika Saba za Daktari

Alijipaka poda mara mbili. Mtu haendi kwa daktari na uso wa jikoni, hata kama daktari mwenyewe anakuja kwa simu. Akafunga kilemba kipya. Chini ya blauzi, kitambaa kilichofunika titi la kushoto kilikuwa kimeloa tena.

"Shemeji, unaonana na daktari au unaposwa?"

"Washa simu, acha domo."

Simu ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Nyingine yenye kamera haikuwemo nyumbani. Mke wa shemeji alikwama kwao tangu barabara zifungwe, na majirani siku hizi walisalimiana kupitia madirisha. Walibaki wawili, na cherehani, na lundo la barakoa alizoishonea hospitali ileile iliyomfungia geti. Tangu korona iingie, wagonjwa wa saratani kama yeye walitibiwa kwa simu. Kupita getini kulitaka kibali, na kibali hakitoki mpaka daktari aone kwa macho yake. Kidonda kilikuwa kimefumuka siku ya nne sasa.

Daktari akatokea: paji la uso, miwani, barakoa.

"Habari za hapo, mama?"

"Nzuri, daktari."

"Naona! Umenawiri kabisa."

Akacheka kwa haya kabla hajajijua. Upande wa pili vidole vya daktari vikasikika vikichapa kwenye kompyuta.

"Ila daktari, kuna kidonda. Kinatoa usaha."

"Nionyeshe basi, haraka. Mgonjwa ni dakika saba, na tatu zimeshakwenda."

Kufungua kitambaa kulitaka mikono miwili. Akamtazama shemeji. Shemeji akatazama sakafu. Tangu siku ya harusi hakuwahi kukosa neno la kumtania. Leo utani ulimkauka mdomoni.

"Nitafumba macho," akasema. "Haki ya Mungu sichungulii."

Akageukia ukuta, akakaza macho kama mtoto anayesubiri sindano, akanyoosha nyuma mkono wenye simu. Yeye akafungua vifungo, akabandua kitambaa kilichogandia nyama. Harufu ikajaa chumba.

"Mama, naona dari."

"Shusha, shemeji!"

"Sasa naona cherehani. Ala! Kumbe ni wewe unayetushonea? Zinatukaa vizuri sana."

"Kulia! Kulia kwangu, si kwako!"

"Mimi nimefumba, kulia kwako nakujuaje?"

Mikono ilikuwa imejaa kitambaa na usaha.

"Fumbua macho, shemeji," akasema polepole. "Nimekuruhusu. Geuka, utazame."

Shemeji akageuka. Akaona. Simu mkononi mwake ilikuwa imeshakatika, dakika saba zimekwisha, kisha ikalia mara moja: ujumbe.

"Soma."

"'Mgonjwa ameonekana. Hali nzuri. Utapigiwa baada ya miezi mitatu. Asante kwa kubaki nyumbani.'"

"Mpigie."

"Haipigiki, shemeji. Hii namba inapiga yenyewe tu."

Nje gari la hospitali likapiga honi. Lilikuwa limefuata barakoa. Akatoa mbili lundoni, safi, zenye chapa ya hospitali, akazikunja juu ya kidonda, akafunga vifungo kimoja kimoja. Zilizobaki akazitia kwenye mfuko, akatoka nazo.

Dereva akahesabu mara mbili.

"Mama fundi, zimepungua mbili."

"Nitazileta mwenyewe hospitali."

"Utapita wapi bila kibali?" dereva akauliza, si kwa ubaya, akaurusha mfuko nyuma ya gari.