Wimbo wa Zuleide

Gauni la njano alilovaa Zuleide Jumapili ile alilishona kwa siku tatu, kwa sababu nilimwahidi kwamba mbele ya watu wote ningesema wimbo ule ni wake.

Tulikuwa nyumbani kwa Dona Heloísa, ghorofa ya saba, Copacabana, ufukweni mwa Rio, ambako sisi vijana wa gitaa tulishinda tukiimba kwa kunong'ona ili majirani wasigonge ukuta. Wimbo niliutunga kutokana na mwendo wa Zuleide, kicheko chake, na namna anavyolitaja jina la Rio kana kwamba anamwita dada yake. Lakini yeye ni mtu wa mtaa wa Madureira, safari nzima ya treni, mbali na bahari. Mimi nilimtoa huko nikamweka ufukweni, nywele zikipeperushwa na upepo. Alipousikia mara ya kwanza alinitania kwamba upepo wa kupeperusha nywele zake bado haujazaliwa, kisha akanisamehe.

Nilipomaliza kuimba, Bwana Norberto wa kampuni ya santuri alikuwa amefumba macho. Alisema anauona mji mzima ndani ya yule mwanamke wa wimbo, na kwamba wiki ijayo tungerekodi. Ndipo akamtazama Zuleide aliyekaa kando yangu, mweusi peke yake sebuleni.

"Na huyu bibie ni nani?"

Zuleide alinigeukia akitabasamu, akingoja.

"Fundi cherehani wa mama yangu," nikasema. "Amenisindikiza tu."

Aibu ya wengine sijui huanzia wapi; yangu ilianzia masikioni, ikawaka. Ningeweza kujisahihisha. Muda nilikuwa nao, na wote niliumaliza nikikaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea.

Zuleide hakulia wala hakununa. Alimwambia Dona Heloísa, "Pindo la gauni lako limefumuka," akaomba sindano, akapiga magoti sakafuni na kushona. Bwana Norberto akaomba niurudie wimbo. Nikaurudia, nikimsifu mwanamke aliyeinamia viatu vya mwenzake.

Akakata uzi kwa meno, akasimama.

"Samahani, Dona Heloísa," akauliza, "lifti ya watumishi iko upande gani?"

Akaonyeshwa. Mimi nilikuwa kwenye ubeti wa bahari. Niliimba hadi mwisho, na wote waliokuwapo husema sijapata kuimba vizuri vile tena.