Macho ya Watu Arobaini na Watatu

Daktari Amédée alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, na mpaka leo nikimwona mtu analamba kidole hivyo nageuza uso. Alishuka kwenye stesheni yetu ya Kamina, kusini mwa Kongo, Januari ya 1999, vita ikiwa na miezi sita, akiwa na mkoba mmoja na picha kubwa ya uso wa mtu. Uso huo ulikuwa umezungukwa na mishale. Macho yakipanda kushoto, mtu anakumbuka. Yakipanda kulia, anatunga. Yakishuka chini, anaficha. Elimu hiyo aliiita programmation neuro-linguistique, kwa kifupi PNL, na aliitamka polepole kama anayetaja dawa ya bei ghali.

Wakati huo kila treni ilishusha wakimbizi, kutoka Kabalo na vijiji vyote vya njia ile. Kamati ya kuwapokea ilikuwa na madarasa sita tu ya kuwalaza, na woga mwingi, maana watu waliamini wapelelezi wamejichanganya nao. Mwenyekiti, Papa Zébédée, karani mstaafu wa stesheni, aliposikia kuna elimu ya kumjua mwongo kwa macho alifurahi kupita kiasi. Mimi ni mwalimu wa biolojia na mwandiko wangu unasomeka, basi nikafanywa mwandishi wa kamati. Aliyeonekana mkweli alipewa nafasi darasani. Aliyeonekana mwongo alibaki kwenye hangari ya stesheni, ambayo haina kuta, na ilikuwa majira ya mvua.

"Madame Tamar," Papa Zébédée aliniambia, "hii iko science. Weye unapendaka science."

Naipenda, na ndiyo maana niliijaribu. Nilichukua wanafunzi thelathini wa mwaka wa nne. Nusu niliwaambia waseme kweli juu ya walichokula jana, nusu waseme uongo, na ni mimi peke yangu niliyejua nani ni nani. Daktari akakaa mbele yao na wanakamati wawili aliowafundisha, wakakodoa macho asubuhi nzima. Walipatia kumi na wanne kati ya thelathini. Ningerusha sarafu ningefika pale pale, tena bila kumlisha mtu kuku kila Jumapili.

Daktari alicheka. "Batoto banajua ni mchezo. Macho haifanyaka kazi mu mchezo."

Nikamwandikia Éliézer, mwenzangu wa chuo, aliyekuwa akifanya kazi maktaba huko Lubumbashi. Jibu lililetwa mkononi na Florent, dereva wa treni. Éliézer aliandika kwamba amesoma kila alichokipata; kwamba tangu miaka ya themanini watafiti wamelipima jambo hili la macho mara nyingi na kwa makini, na hawakuona kitu. Wanaoendelea kulisifu, alisema, wengi wao ni wale wale wanaoliuza.

Niliiweka barua mezani mbele ya kamati. Daktari akalamba kidole, akaifunua, akairudisha.

"Hawa bazungu habakufundishwa, habakupata formation," akasema. "Muntu hana formation, atapima nini? PNL haipimwaka mu laboratoire. Inapimwaka mu maisha."

"Kama haipimwaka, juu ya nini unaiita science?"

"Madame, respect kidogo," Papa Zébédée akaingilia. "Docteur iko mugeni yetu."

Ningeweza kusimama nikaondoka, lakini nilikaa nikafungua daftari, na kwa hilo najichukia.

Germaine aliingia Jumanne. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na msichana wa miaka minne mkononi, Glodie, macho mekundu na vipele vya surua vimeanza nyuma ya masikio. Alipiga magoti mbele ya Papa Zébédée, akapiga makofi taratibu, akainamisha uso. Ndivyo mwanamke wa Kiluba aliyelelewa vizuri anavyofanya mbele ya mzee anayelingana na baba mkwe wake. Na huyu Papa Zébédée, Mungu anamwona, ndiye aliyemtoza mke wa mwanawe kuku mzima kwa sababu alimtazama usoni akimwandalia chakula. Mtaa wote wa reli unaijua habari ya kuku huyo.

"Jina?"

"Germaine, Papa. Miye niko muke ya Ngandu, freineur, muntu wa breki ya train. Alikufa kule Kabalo. Mutoto iko na homa, Papa. Naomba fasi ya kulala, hata ku pembeni."

"Angalia docteur mu macho."

Alijaribu, maskini. Macho yalipanda, yakakutana na uso wa Papa Zébédée aliyeketi bega kwa bega na daktari, yakashuka upesi. Akajaribu tena, yakashuka tena. Daktari akagonga meza kwa kalamu.

"Chini. Chini tena. Ile iko bongo, anadanganya. Andika, Madame."

Nikamgeukia Papa Zébédée, nikamwambia kwa Kiluba ili daktari asielewe: "Anakuheshimu, Papa. Angekutazama ungemfanya nini?"

Mzee aliitazama picha ya mishale. Mimi hakunitazama.

"Andika," akasema.

Nikaandika.

Mtaniuliza kwa nini sikumchukua nyumbani. Nyumbani tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na kichanga cha dada yangu cha wiki tatu, na niliogopa surua. Ni sababu ya kweli, na bado inaninukia vibaya. Nilimpelekea uji hangarini, na turubai lililotoboka. Mvua ilinyesha siku tatu, ikiingia kutoka pande zote nne. Asubuhi ya siku ya nne Glodie alikuwa amekufa.

Siku hiyo hiyo treni ya Florent iliingia. Alimwona Germaine ameketi kwenye zege, mtoto amefunikwa kwa kitenge, akavua kofia.

"Muke ya Ngandu! Juu ya nini uko hapa?"

Alikuwa amefanya kazi na Ngandu miaka tisa. Nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja mbele ya daktari, arudie maneno hayo. Aliyarudia. Daktari hakushtuka hata kidogo.

"Anaweza kuwa muke ya Ngandu," akasema, "na bado alisema bongo juu ya kitu ingine."

"Kitu gani?" Florent akauliza.

"Ile njo kitu alificha."

Florent alitema mate sakafuni, pale pale ofisini, akatoka. Sijapata kuona mate yaliyoangukia mahali pake vizuri vile. Familia yake ndiyo iliyomchukua Germaine, na matanga yalikuwa kwao. Papa Zébédée alituma beseni la unga. Germaine alilirudisha limejaa vile vile, akapiga magoti mlangoni kwake, akaliweka chini bila kumtazama.

Daktari aliondoka Aprili, na daftari langu mkobani mwake. Novemba mkuu wetu wa shule aliingia chumba cha walimu na furushi la vijitabu vya daktari vilivyotoka Lubumbashi, akasema walimu wote tutafundishwa PNL, na kwamba mimi nitakuwa wa kwanza kuwaeleza wenzangu, kwa kuwa jina langu limo. Kweli limo. Ukurasa wa pili: msaidizi wa utafiti, Madame Tamar, Kamina.

Utafiti! Waliopimwa arobaini na watatu, waliotambuliwa sawasawa arobaini na watatu. Hesabu yenyewe imeelezwa bila aibu. Aliyepewa darasa hakukamatwa kwa upelelezi, basi alikuwa mkweli. Aliyekataliwa hakurudi kulalamika mbele ya kamati, basi alikuwa mwongo. Nilikuwa bado naisoma, na wenzangu walikuwa wananipongeza.

Mwisho wa kijitabu wamechapisha kurasa za daftari lenyewe, ziwe ushahidi. Nilitafuta mstari wa thelathini na moja. Mwanamke, watoto wawili, macho chini, mwongo. Germaine sasa ana mtoto mmoja. Mwandiko ni wangu, ule ule mzuri ninaoandikia ubaoni.