Pono wa Mangapwani

Sijalifungua hata gunia, shombo ishanipanda puani. Mume wangu Machano kaniletea kazini jiwe la matumbawe, kalitoa Mangapwani, ati lina samaki wa kale. Ndugu Borafya, mkubwa wetu wa makumbusho, keshamwahidi ajira ya kudumu. Ilibaki mimi tu kutia sahihi kwenye kadi ya maelezo yake, maana mwaka ule wa 1969 pale kazini hapakuwa na mwingine aliyefunzwa magamba ya samaki waliogeuka mawe.

Miaka sita nimeyakata, nimeyasugua mpaka yakapitisha mwanga, nikayatazama kwa hadubini. Gamba la samaki wale ni nene, la pembe nne. Juu lina utando unaong'aa, mgumu kama jino. Chini yake mfupa, tabaka juu ya tabaka. Ukingoni lina kijino kinachoingia kwenye kishimo cha mwenzake, yakashikana kama vigae. Halikunjiki, wala halinuki.

Magamba haya ya jiwe la Machano yalikuwa membamba, ya duara. Nikabandua moja kwa ukucha, likaja na uzi wa ulimbo wa fenesi na kipande cha ngozi iliyooza. Nikalikunja, likakunjika. Pono! Yule yule aliyemleta nyumbani juzi, nikampika kwa nazi, nikala na vidole nikaramba. Tena kayasugua kwa ndimu, kama anayataka chunguni. Kinyaa kilinishika mpaka nikaenda dirishani kutema mate. Mtu nalala naye kitanda kimoja, kumbe ananiona mjinga kiasi hicho.

Akaanza kunibembeleza, ati tutakula nini, ati nani atajua. Nikamwambia asinisogelee, mikono yake inanuka. Nikalibeba jiwe mwenyewe, nzi wananifuata, mpaka kwa Borafya, nikamweleza yote. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua, Bi Mwatum," alisema. "Pua ninayo. Ndiyo maana nnataka jina lako. Wageni wanakuja kesho kulitazama."

Hapo ndipo nilipotaka kutapika kweli. Machano alisimama mlangoni, ananitazama kwa macho ya kuomba. Nikaivuta kadi, nikaandika kwa herufi kubwa: "Pono. Kavuliwa juzi, kabandikwa na Machano Nahodha, mume wangu." Nikatia sahihi, nikampa Machano aisome kwa sauti, Borafya asikie.

Akasoma. Alipofika kwenye "mume wangu", nikamnyang'anya kadi, nikayakata kwa kalamu maneno hayo mawili.