Kidato Kilichozidi Vidole Viwili

Hapakuwa na mpangaji wa jengo lile ambaye hajawahi kukilaani kidato cha kumi na moja. Kiliwazidi wenzake kimo kwa vidole viwili, kwa hiyo mgeni aliyepanda ngazi kwa mikogo alifika juu akichechemea. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshang'oka kucha mara mbili pale, na kila jioni alimwapiza fundi aliyekijenga. Aliyemwitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa Bi Mkasi, mshonaji wa chumba cha chini, mwanamke wa miaka sitini na moja ambaye jina alipewa na ulimi wake, si cherehani.

Lo, unafiki ule! Fundi mwenyewe alikuwa baba yake mzazi, na hakuna aliyejua.

Jengo lilianza kama ghala la mfanyabiashara wa nguo, ndiyo maana kuta za chini ni nene kupita urefu wa mkono. Mwanawe akaongeza ghorofa ya pili na roshani za mbao, apate kuwachungulia watu bila kuamkiwa. Mjukuu, aliyerithi mali pamoja na uvivu, akapandisha ya tatu ili apangishe, na hapo ndipo baba yake Bi Mkasi alipoitwa kujenga ngazi. Akaijenga bila nguzo hata moja. Kila jiwe limeuma ukuta upande mmoja, na chini linamwegemea mwenzake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na asubuhi moja kifo kikaja na futi kamba. Alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale, binti mpole, mwenye pimamaji kwapani. Akapanda, akashuka, akapiga magoti akachungulia uvunguni mwa ngazi. Mwishowe akawaambia wapangaji waliojazana uani kwamba ngazi ile pekee inatosha kuliingiza jengo kwenye orodha ya kulindwa, halibomolewi tena. Kelele za furaha zilipotulia, akaongeza kuwa kuna kasoro moja tu, kile kidato, na kesho fundi atakuja na patasi kukisawazisha, isipokuwa kama yupo mwenye sababu ya kukiacha.

Watu wakashangilia kuliko mwanzo. Mwalimu akataka patasi iletwe leo leo.

Bi Mkasi akapiga hesabu. Akinyamaza, kesho kitachongwa na heshima yake itabaki. Akisema, ataonekana mzandiki aliyemtukana baba yake miaka yote ili acheke na majirani.

"Sababu ipo," akasema. "Ngazi hii kaijenga baba yangu. Alipofika kidato hicho akaletewa habari kuwa mama kajifungua. Akalipachika jiwe bila kupima, akatoka mbio. Mama kanisimulia mwenyewe. Mtoto ni mimi."

Mwalimu akamuuliza mbona hakusema siku zote hizo. Akajibu kwamba aliona aibu, na sasa hivi anaona aibu zaidi. Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta.

Mwalimu akakohoa, akamgeukia mkaguzi.

"Binti, hapo ulipoandika kasoro, futa. Andika kwamba siku hiyo fundi alipata mtoto."