Pa Kuweka Kiwiko

Tangu Harlan Swope azikwe mwezi wa Septemba, mkewe Verla alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: kijana wao Tobin asije akaondoka moja kwa moja akiamini kwamba baba yake alikufa hamtaki.

Tobin alikuwa amepata kazi Alaska. Alipiga simu akasema atapita Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Novemba ya kula bata mzinga, ale chakula cha mchana, achukue bunduki yake, aende zake. Hakusema atarudi lini. Verla akamjibu, sawa mwanangu, akarudisha simu kwenye ukuta wa jikoni, akaendelea kumenya viazi.

Baba na mwana walikosana miaka minne iliyopita, huko nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wa shabaha wa Harlan: meza huku, tuta la udongo kule yadi mia moja, na katikati nyasi. Kila mwaka, juma moja kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, majirani huja pale kujaribu bunduki zao. Tobin ni mashoto. Na meza ya zamani, kama meza nyingi za huku milimani, ilikuwa na bawa upande wa kulia, la kuegemeza kiwiko cha mkono unaofyatua. Mashoto akikaa pale, kiwiko chake kinaning'inia hewani.

Mwaka ule Tobin alikosa shabaha mara tatu. Harlan akasema mbele ya watu, "Mkono huo ni wa kushikia uma, si bunduki. Nakwambia tangu una miaka sita."

Watu wakacheka. Tobin akatoa risasi, akazipanga mezani moja moja, akasema taratibu, "Hapa kwenu hata pa kuweka kiwiko sina." Hakukanyaga tena, isipokuwa siku ya mazishi, na siku hiyo alisimama karibu na gari lake muda wote.

Kiangazi kilichopita Harlan aliivunja ile meza. Akachimba mashimo matatu, akamimina zege, akasimamisha miguu mitatu minene ya mwaloni, maana meza ya miguu mitatu haiyumbi hata ardhi ikiwa imepinda. Uso wa meza aliutengenezea karakanani, akaupiga msasa siku nyingi. Moyo wake ukasimama kabla hajaupandisha.

Jumatano, kesho yake ikiwa Shukrani, Lester, mdogo wake Harlan, alikuja kuimalizia kazi. Verla ndiye aliyemwomba. Alitaka Tobin akifika aione kazi ya mwisho ya baba yake imesimama.

"Shemeji, hebu njoo uone maajabu," Lester aliita kutoka karakanani. "Bawa liko kushoto. Kaka yangu miaka arobaini anatengenezea watu makabati, meza yake mwenyewe anaikosea."

"Labda alikuwa ameshaanza kuumwa."

"Au alikuwa anamtengenezea dubu. Nasikia dubu wote ni mashoto."

Verla akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko hicho atakijutia mpaka siku anaingia kaburini. Yeye hakuwahi kushika bunduki maishani. Mambo ya bawa na kiwiko aliyaacha kwa wanaume.

"Utaweza kulirekebisha?"

"Nusu saa. We nishikie huku."

Akashika. Msumeno ukalia, lile bawa likamwangukia mikononi, zito, laini kama kijiko cha mbao kilichotumika miaka. Akalipeleka ndani, akaliweka kwenye sanduku la kuni. Lester akaunga bawa jipya la msonobari upande wa kulia, akalikaza kwa vyuma, wakaupandisha uso wa meza juu ya miguu miwili na kuufunga kwa boliti. Mguu mmoja, ule wa kushoto, ukabaki umesimama peke yake, haubebi kitu.

Alhamisi asubuhi, bata mzinga akiwa jikoni, Lester alirudi kuijaribu. Akaketi, akaegemea.

"Imetulia kama shemasi kwenye mahubiri marefu. Ila huu mguu wa ziada unanigonga goti. Nipe huo msumeno niukate."

Verla akaushika msumeno, asiutoe. Alikuwa anautazama ule mguu. Halafu akautazama upande wake, pale kiwiko cha mtu wa mashoto kingekaa. Ikamjia siku moja ya Agosti, Harlan amepiga magoti jikoni na futi yake, anapima kiti alichozoea kukalia Tobin, kutoka kwenye kikalio kwenda juu mpaka pale kiwiko kinapofika.

"Unapima nini?" alimuuliza siku ile.

"Kiti."

"Cha Tobin?"

"Nimesema kiti, Verla."

Na Harlan hakuwa mtu wa kuulizwa mara tatu.

"Lester, inuka," Verla akasema sasa. "Hakukosea."

Lester alimwangalia. Akauangalia mguu, akaliangalia bawa lake la msonobari. Mizaha ikamwisha. Akavua kofia kama aliyeingia kanisani.

Verla alikuwa ameshafika jikoni. Akafungua mlango wa jiko la kuni, alilolijaza asubuhi kutoka kwenye lile sanduku. Lile bawa bado lilikuwa na umbo lake, limekuwa jekundu lote. Alipoligusa kwa koleo likavunjika vipande.

Tobin alifika saa sita mchana, na koti zuri la mjini. Verla hakumwacha hata avue.

"Kabla hujala, njoo nyuma."

Tobin akaiona meza. "Kulia," akasema. "Kama kawaida yake."

"Si yeye. Bawa lako alilitengeneza kushoto. Lester amelikata jana, na mimi ndiye niliyemshikia ubao."

"Mama, usinitungie hadithi. Ameshakufa. Mwache alivyokuwa."

"Nimewahi kukudanganya?"

Tobin akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa. "Huo ubao uko wapi?"

"Umempika bata mzinga."

"Mimi ndiye niliyekata, mwanangu," Lester akasema kwa nyuma. "Baba yako mdogo ni mjinga, hilo unalijua tangu utotoni."

Tobin akaizunguka meza. Akasimama mbele ya ule mguu. Akavuta benchi, akaketi, akageuza mwili anavyogeuza mashoto, akanyoosha mkono wa kulia mbele kana kwamba ameshika bunduki, na kiwiko cha kushoto akakishusha taratibu. Kikatua katikati ya kichwa cha mguu. Kilishuka chini kidogo kuliko inavyotakiwa, kiasi cha unene wa ubao mmoja.

Akakaa hivyo. Moshi wa mwaloni ulikuwa unatoka kwenye bomba la jiko, unapita juu ya nyasi kwenda kwenye tuta.

"Simu ilikuwa jikoni," Tobin akasema hatimaye. "Miaka yote minne."

"Ilikuwa jikoni," Verla akakubali.

"Angesema tu, Mama."

Verla akaweka mkono begani kwake, juu ya lile koti, akahisi linavyotikisika.

Walikula. Lester aliombea chakula, akakosea maneno, akaishia amina mapema. Tobin alimaliza sahani yake yote, na Verla alijua kwa nini hakubakiza hata kipande cha bata aliyepikwa kwa ule ubao. Saa tisa akaweka bunduki nyuma ya gari, akamkumbatia, akaingia. Halafu akashusha kioo.

"Msiukate ule mguu."

"Hautakatwa."

Gari likapinda kwenye daraja, likapotea. Verla akabaki barabarani na aproni yake. Alikuwa amemwomba Mungu kijana ajue, na kijana amejua. Zaidi ya hapo hakuwahi kufikiria kuomba.