Nyumba ya Kawajense kwa Jina la Ambrosi

Asubuhi ile ya Agosti 1993 Rénovat alikuwa na hofu moja tu, kwamba Helena, mjane wa rafiki yake, angeimeza nyumba yake.

Aliijenga mwenyewe pale Kawajense. Lakini yeye alikuwa mkimbizi wa Kirundi wa makazi ya Katumba, na mkimbizi hakuruhusiwa kumiliki kiwanja mjini, basi barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, ikaandikwa kwa jina la rafiki yake Ambrosi. Watu wazima wawili wakaaminiana bila kuandikiana hata mstari mmoja. Kisha Ambrosi akafa.

Sasa Warundi walikuwa wanarudi kwao, na Emelyne, mke wa Rénovat, alishafunga vyombo. Bila kuiuza nyumba ile wangerudi mikono mitupu. Mnunuzi, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ikola, alikuwa tayari, ila alitaka barua ya toleo pamoja na karatasi ya mahakama inayomtambua mjane kuwa msimamizi wa mirathi. Na ili apewe karatasi hiyo, ilibidi Helena atamke kwamba nyumba ilikuwa ya marehemu.

"Shemeji, ukiulizwa, sema ya Ambrosi," Rénovat alimwambia njiani kwenda mahakamani. "Mie nitakaa kimya."

"Nimekusikia, shemeji."

Jibu hilo halikumtuliza hata kidogo. Helena akishatamka hivyo mbele ya hakimu, nani angemzuia kuhamia humo na watoto wake?

Mahakamani Helena alipewa Biblia. Hakimu akasoma orodha ya mali: baiskeli, cherehani, shamba la Ilembo, nyumba ya Kawajense.

"Zote hizi ni za marehemu mume wako?"

Rénovat alishika benchi kwa mikono miwili.

"Baiskeli yake, cherehani yake, shamba lake," alisema Helena. "Nyumba siyo, mheshimiwa. Nimeshika Biblia, siwezi kudanganya. Ni ya yule pale, Rénovat. Wakati anajenga mie ndiye nilikuwa namletea maji."

Alimgeukia akitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Rénovat aliona aibu kwa yote aliyomdhania, na papo hapo akakumbuka kwamba mkimbizi haruhusiwi kuwa na kiwanja mjini.

"Simama," hakimu alimwambia. "Wewe kwenu wapi?"

"Katumba, mheshimiwa."

Karani aliikata nyumba kwenye orodha ya mali za Ambrosi. Hakuiandika popote pengine.